Mkwe Aliyezikia Barabarani

Mdogo wangu anacheza mpira wa kulipwa, na watu wa kwetu wakinitambulisha kwa mgeni hawasemi mimi ni fundi cherehani wala mama wa watoto wanne. Wanasema, "Huyu ni dada yake yule." Zamani nilikuwa nafurahi, najiona na mimi nimefunga bao. Siku hizi naitikia tu, halafu naendelea na pindo la gauni nililoshika.

Nyumba yake ipo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, njia ya kwenda Ibadakuli, mahali ambapo ndege ikipita mnaacha kuongea mpaka imalize shughuli zake. Aliijenga baada ya msimu wake wa kwanza nje ya nchi. Bati la rangi ya damu ya mzee, ukuta wenye vipande vya chupa juu, na sebuleni kabati la vioo lenye taa ndani, kama friji ya soda. Humo kabatini alipanga medali zake, jezi alizobadilishana na wachezaji wenzake, na kiatu kimoja cha mguu wa kulia ambacho alifungia bao lililompeleka Ulaya. Chumbani kwake kulikuwa na sanduku la chuma lenye saa yake ya thamani, mikufu ya dhahabu, na pete aliyomnunulia mchumba wake. Mama yetu, aliyekuwa anaishi kwenye nyumba ya zamani hapo hapo uani, alilipa kabati lile jina la kanisa. Akiingia sebuleni anauliza, "Leo tumekuja kula au kusali?"

Mwenyewe alikuwa analala humo wiki chache tu za likizo. Siku nyingine zote funguo zilikaa kwa mume wangu.

Lazima nimweleze mume wangu, maana yeye hawezi kujieleza, na hilo ndilo lililotuponza. Ni mchimbaji mdogo. Mvua zikinyesha yupo nyumbani analima mpunga, zikikatika anakwenda Geita, upande wa Buseresere na mbele ya hapo, kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Baba yetu alipofariki mdogo wangu alikuwa bado shule ya msingi, akahamia kwangu, na mume wangu ndiye aliyekuwa anampakia nyuma ya baiskeli kumpeleka uwanjani. Viatu vyake vya kwanza vya mpira vilitoka duarani, kwa mikono ya mume wangu. Na mpira wenyewe mume wangu haujui kabisa. Mpaka leo ukimuuliza kuotea ni nini, atakwambia ni tabia mbaya. Alikuwa anakaa pembeni ya uwanja na baiskeli yake, anasubiri kijana amalize, basi.

Kwa mama yetu alikuwa mkwe wa zamani, mkwe wa kisukuma kweli kweli. Hakuwahi kukaa naye kiti kimoja, hakuwahi kumpa mkono, hakuwahi kula mbele yake. Wakikutana njiani mume wangu anapisha pembeni, anainamisha kichwa, anaamkia huku anaangalia majani. Mama naye anaitikia huku anaangalia upande wa pili. Kwa miaka yote ile sidhani kama waliwahi kutazamana usoni. Lakini paa la mama likivuja, asubuhi unamkuta mtu yupo juu. Kuni zikiisha, unazikuta zimepangwa ukutani. Mama anasema, "Wabeja," asante ya kwetu, kuelekea kwenye paa, na juu hakuna anayejibu. Walikuwa wanapendana kwa njia hiyo, na ilitosha.

Sasa niseme la wizi. Likizo ile mdogo wangu alikuja na rafiki yake kutoka Dar es Salaam, kijana wa kumpiga picha. Alikuwa na adabu nyingi huyo kijana, akimwamkia mama anapiga goti, mwanaume mzima. Mama akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akamchinjia jogoo. Huyo ndiye aliyeiba. Nakwambia mapema kabisa ili usihangaike kumtafuta, maana sisi tulihangaika vya kutosha, na wala si yeye anayenifanya niandike.

Ilikuwa Jumapili ya ibada ya shukrani. Familia nzima ilikwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya msimu mzuri wa mdogo wangu. Yule rafiki alisema tumbo linamsumbua, atatufuata, na kweli alitufuata, akayakuta mahubiri katikati, akatupiga picha mpaka tukachoka kutabasamu. Mume wangu alitoka kabla ya baraka kwenda kumpeleka ng'ombe wa mama majini. Tuliporudi, mlango umefungwa vizuri, madirisha mazima, kabati la vioo lipo tupu na taa yake inawaka. Sanduku la chumbani lilikuwa wazi.

Mdogo wangu alikaa chini sakafuni, yale magoti yanayotangazwa redioni ameyakumbatia kifuani. Sikuwahi kumwona hivyo tangu siku ya kumzika baba. Hakulilia saa wala mikufu. Aliuliza tu, "Kiatu nacho wamekifanyia nini?" Nilimwonea huruma. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilimwonea huruma sana.

Filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, ililia, nyingine zikaitikia, na kabla jua halijaegemea wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamezunguka na fimbo zao, wanakagua nyayo, wanasimamisha pikipiki. Polisi walikuja wakaandika maelezo wakaondoka. Nyayo hazikuonekana. Mlango haukuvunjwa. Na mtaani swali likawa moja, watu wakiliulizana kwa chini nilipopita: funguo anazo nani?

Hapo ndipo ng'ombe alipoingia kwenye maneno. Siku chache kabla ya Jumapili ile, mume wangu alikuwa amerudi kutoka Geita akiongozana na ng'ombe wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe pajani, akamfunga kwenye uzio wa mama. Hakumkabidhi mwenyewe, isingewezekana. Alisimama mbali karibu na mwembe, akanituma mimi nikamwambie mama, "Mkwe wako kakuletea maziwa." Mama alizunguka yule mnyama akimpapasa, akacheka peke yake. Mtaa mzima ulimwona ng'ombe, na mtaa mzima ulijua kuwa mchimbaji aliyeondoka na begi lililoshonwa kwa uzi wa gunia hapati ng'ombe wa namna ile hivi hivi. Kwamba alifika kabla ya wizi haikuwasumbua, walisema alimchukua kwa mkopo akijua atalipa na nini.

Wakamuuliza. Kamanda wa sungusungu alimuuliza, balozi wa nyumba kumi akamuuliza, mdogo wangu akamuuliza. Wote aliwajibu jibu moja: "Mungu kanijalia."

Wachimbaji wana sheria yao. Duara likianza kutoa, husemi. Humwambii mke, humwambii padri, huoti hata ndoto kwa sauti. Maana neno likitoka leo jioni, kesho asubuhi kuna watu mia wana sururu juu ya vichwa vyenu, kila mtu anatoboa upande wake, na walio chini wanafunikwa. Mume wangu na wenzake walikuwa wameupata mkanda mzuri wa mwamba wenye dhahabu. Walichukua kidogo cha kwanza, wakagawana, yeye akaja kuona familia huku wenzake watatu wamebaki chini. Walikuwa wameapa kwamba mpaka mkanda uishe hakuna atakayeutaja. Angesema mbele ya mkutano, "Duara letu limetoa," kila mtu angejua, maana katika mkutano ule kila mmoja ana kaka au mjomba huko Geita mwenye simu. Hayo yote nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mume wangu kanyamaza, na namjua mume wangu. Kunyamaza kwake hakujawahi kuwa uongo.

Nilimuuliza mara moja, tumekaa mkekani. Akasema, "Mama watoto, kula kwanza." Nikala. Sikumuuliza tena.

Mdogo wangu alinifuata kwenye kibanda changu cha cherehani siku moja kabla ya mkutano wa kura.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alishika kitambaa cha mteja akawa anakikunja na kukikunjua.

"Dada, shemeji kampata wapi yule ng'ombe?"

"Si umemuuliza?"

"Kaniambia Mungu kamjalia."

"Basi umeshajibiwa."

"Funguo anazo yeye, dada."

"Na wewe unazo. Na rafiki yako analala humo humo."

"Rafiki yangu alikuwa kanisani. Picha si unazo kwenye simu?"

Nikamwambia, "Huyu mtu alikubeba kwenye baiskeli mpaka ukaota ndevu." Akasema ndiyo maana inamuuma zaidi. Nilimwona anaamini anachosema. Angekuwa na ubaya ningempiga na futi ya mbao palepale, lakini alikuwa na maumivu tu, na mtu mwenye maumivu humshindi kwa hoja.

Kwa wasiojua, kura ya siri ni hivi. Kukitokea wizi na mwizi hajulikani, watu wa mtaa wanakusanyika, kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anatumbukiza kwenye ndoo. Halafu majina yanasomwa kwa sauti mbele ya wote. Anayetajwa sana anaambiwa arudishe alichochukua na alipe faini. Akigoma, anatengwa. Watu wanaiamini, maana imewahi kuwatoa wezi wa ng'ombe wa kweli. Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Sikuwa na shida nayo mpaka ilipotugeukia sisi.

Tulipewa karatasi. Mume wangu shule aliiacha darasa la tatu, kuandika kunamchosha kuliko kuchimba, akanisogezea kipande chake. "Niandikie."

"Niandike nini?"

"Simjui."

Nikaandika "simjui" kwenye karatasi yake, nikaandika "simjui" kwenye yangu. Tukainuka pamoja tukatumbukiza.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyesoma. Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la mume wangu. Ya pili jina la mume wangu. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kuita mahudhurio darasani, bila chuki, jina moja, jina moja, jina moja, mpaka nikaanza kulisikia kama si la mtu ninayemfahamu. Katikati akasoma, "Simjui." Watu wakacheka. Baadaye kidogo tena, "Simjui." Wakacheka zaidi na kutugeukia, maana hata mtoto angejua ni za nani. Zilizobaki zote zilikuwa na jina lile moja. Mdogo wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na karatasi yake aliitumbukiza, kwa hiyo nilijua ameandika nini. Mume wangu naye alijua. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Walimwambia arudishe vitu na alipe ng'ombe wa faini. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Sikuchukua. Nikilipa nitakuwa nimekiri." Akakaa. Ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote mtaani pale. Kamanda akatangaza kwamba ametengwa.

Kutengwa si kupigwa. Hakuna anayekugusa. Ni kwamba hakuna anayekusalimia wala kuitikia salamu yako, hupewi moto, hupewi chumvi, hukaribishwi harusini, na msibani huna nafasi. Atakayekuvunjia masharti, naye anatozwa. Mimi waliniambia kwa upole kwamba nikirudi kwa mama yangu niko huru, mimi ni dada wa mwenye mali. Niliwaambia nikirudi kwa mama, nitarudi na mume wangu mgongoni. Basi tukatengwa wote, ingawa mimi wengine walinionea haya. Mwenye duka alikuwa anasukuma pakiti ya chumvi kwenye kaunta huku anaangalia kalenda ukutani, ananiacha nichukue. Wateja wangu wa cherehani walikuja wakaondoa vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa. Mmoja aliondoka na gauni lisilo na mkono mmoja.

Mume wangu aliendelea kusalimia. Hilo lilinitesa kuliko yote. Kila asubuhi akitoka na jembe lake anasema "Mwangaluka" kwa kila anayekutana naye, na kila anayekutana naye anapita. Nilimwomba aache. Akasema, "Wamekatazwa wao. Mimi sijakatazwa."

Mdogo wangu aliondoka na rafiki yake, yeye Ulaya na mwenzake Dar es Salaam, vitu bila kupatikana.

Mama alikuwa ameshaanza kuugua kabla ya hayo. Kura ilipopigwa alikuwa kitandani. Wazee walimfuata wakamwambia ng'ombe yule afukuzwe uani, ni mali ya wizi. Mama akawauliza, "Ng'ombe naye alipigiwa kura?" Akaendelea kunywa maziwa. Kila siku kikombe kimoja asubuhi, na mimi nilikuwa nakamua. Mume wangu alikuwa anakata majani, anayaacha nje ya uzio, anakwenda zake. Mwili ulipomzidia mama tulimpeleka hospitali Kolandoto, na nilikaa naye wodini mpaka tukaruhusiwa kurudi, si kwa kupona.

Wodini aliniambia neno. Alikuwa ameelekea ukutani, kama alivyozoea kuelekea pembeni akimtaja mkwe wake. Alisema, "Kaburi langu achimbe mkwe. Nataka yeye." Nikamwambia, mayu, mama yangu, usiseme mambo ya makaburi. Akasema, "Miaka yote hii sikumshukuru usoni, mila haikuniruhusu. Akinichimbia atajua." Nikalia. Akaniambia nikalilie nje, kuna wagonjwa wamelala.

Nilipomfikishia mume wangu maneno yale aliacha kula. Akachukua koleo lake na jiwe la kunolea, akalinoa. Koleo ambalo lilikuwa halihitaji kunolewa.

Mama akafariki mwanzoni mwa masika. Mdogo wangu alikuja kwa ndege mbili tatu za kuunganisha, akafika macho yamevimba. Uani turubai likafungwa, wanawake tukakaa mkekani, mimi nikiachiwa kama mtoto wa marehemu, wanaume wakakusanyika kwa ajili ya kaburi. Baba mdogo, mtu mwenye sauti kubwa, niliyemfikishia neno la mama, ndiye aliyeleta habari mbele ya kamanda. Alisema marehemu ameacha neno kwamba achimbiwe na mkwe wake.

Kamanda alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya sheria yake, simsemi vibaya. Alisema, "Aliyetengwa hashiki jembe la msiba. Lakini mwenye mali yupo hapa. Akisema tumfungulie kwa siku ya leo, tutamfungulia, amzike mama mkwe wake, kesho sheria iendelee."

Wote wakamgeukia mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa miwani ya giza. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika sufuria ya maji. Upande wa barabarani, nje ya uzio, mume wangu amesimama na koleo lake begani, anasubiri kuitwa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

Neno lilikuwa moja tu. Ndiyo. Hakuna aliyemwambia asamehe, hakuna aliyemwambia asahau kiatu wala pete. Nilimwangalia mdogo wangu niliyemnyoa nywele, niliyemlaza kitanda kimoja na wanangu, nikawa namsemea moyoni, sema, baba, sema.

Akasema, "Mimi sina cha kusema. Mtaa ulishaamua."

Moyo wangu ulivunjika pale, na sufuria mkononi. Kaburini baadaye nililia kama kila mtu, lakini kule nilikuwa nalia kwa sababu mama amekufa, na mama alikuwa amezeeka na alikuwa anaumwa. Pale mlangoni nililia kitu kingine.

Vijana wakaanza kuchimba hapo hapo uani. Mume wangu hakuondoka. Alishusha koleo, akaliegemea, akasimama barabarani muda wote ule, jua limemkalia kichwani, pikipiki zinampita na kumpigia honi. Mvua kidogo ilinyesha ikaacha, naye yupo. Mchungaji aliposoma, akavua kofia. Jeneza lilipokuwa linashushwa nilimtazama yeye, sikulitazama jeneza. Ulipofika wakati wa watu kutupa udongo, kila mtu mkono wake, niliona anainama pale barabarani, anachota vumbi lililolowana, anasimama nalo mkononi. Alisubiri mpaka watu wote wamemaliza. Halafu akaona hana pa kulitupa, akalimwaga pale pale miguuni pake. Akaweka koleo begani, akaenda nyumbani.

Yule mpiga picha alikamatwa mbali, Dar es Salaam, anauza ile saa kwa mtu aliyekuwa anaijua. Akaona yamemfika shingoni, akakiri: alichonga funguo kwenye likizo ile ile, aliiba asubuhi ile ya kuumwa tumbo, vitu vikasafiri nao kwenye mabegi yake ya kamera, ndani ya gari moja na mdogo wangu hadi uwanja wa ndege. Pete ilipatikana. Mikufu haikupatikana. Kiatu alikuwa amekitupa, hakuona kina faida.

Katika wakati huo huo mwenzake mume wangu wa duarani akapita kwetu. Mkanda umekwisha, akasema, sasa tunaweza kuongea. Aliongea sehemu yake na ya mume wangu. Alipomaliza nilimgeukia mume wangu nikamuuliza, kwa nini hata mimi? Akasema, "Wewe ungeyabeba, na ungekuwa unapita mtaani nayo. Wale walikuwa chini, mama watoto. Watatu, na wana watoto." Nilimkasirikia siku nzima, halafu sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Wazee walikuja kumfungulia. Kamanda ndiye aliyeanza, akasema wazi mbele ya watu kwamba mtaa umekosea, na aliinama aliposema. Wakatoa ng'ombe wa kumsafisha, akachinjwa, watu wakala. Watu walipanga mstari kumsalimia, kama wako kwenye harusi. Aliitikia kila mmoja. Alikula pia, maana kukataa nyama ya upatanisho ni kujitenga mwenyewe.

Mdogo wangu alifika jioni ile ile. Alikaa chini ardhini, si kwenye kiti tulichomwekea, na suruali yake ya bei.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekosa."

"Nimesikia."

Akavua ile saa iliyopatikana, akamwekea mume wangu mkononi. Mume wangu aliigeuza, akaiweka sikioni. "Bado inatembea?"

"Inatembea."

"Basi ivae." Akamrudishia, akamfunga mwenyewe mkononi, polepole, kwa vidole vyake vilivyopasukapasuka. Ndipo mdogo wangu alipoanza kulia, mtu mzima, watu wanamwangalia.

"Shemeji, sema unachotaka. Chochote. Nikujengee, nikununulie gari la kubebea mawe, watoto wasome nje. Niambie nifanye nini."

Mume wangu akasema, na hakuwa na hasira, natamani angekuwa na hasira, "Nilikuwa nahitaji neno moja, siku ile, pale uani. Leo silihitaji tena."

Akainuka, akaenda kumfunga ng'ombe wa mama.

Hawajagombana tangu siku hiyo. Mdogo wangu anapiga simu kila wiki, na kila mara anaomba kwanza aongee na shemeji yake. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba, hujambo." "Sijambo." "Kazi?" "Nzuri." Mume wangu ananyoosha mkono, ananipa simu, na ninapoishika inakuwa bado haijapata hata joto la sikio lake.